Sifuri za Darakasi

Mwanangu Shamsa,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa jinsi ninavyowajua hawatakuachia mpaka unywe chai katika kila nyumba. Nimeutumia upenyo huo kukaa na kalamu. Barua hii nitakupa mkononi kesho uwanja wa ndege, kabla hujapita ukaguzi, uisome ukiwa upande wa pili, mahali ambapo hatutaweza kubishana. Sikuogopi wewe. Naogopa kwamba tukibishana mimi hutaka kushinda, na mtu anayetaka kushinda husema mambo kwa uhakika mkubwa kuliko ule alio nao.

Ya kuvaa, ya kula, ya nani umpigie simu ukiumwa, umeshaambiwa na kila aliyeingia nyumba hii wiki nzima. Nayaruka.

Nina shaka na kazi uliyoipata. Nalisema mapema ili usisome kurasa zote ukilitafuta. Sina ushahidi. Nina mambo machache tu ambayo kila moja peke yake halina neno, lakini yakikaa pamoja yananinyima utulivu. Nimejaribu kuyaeleza kwa namna nyingine, kama nilivyofundishwa: labda ni wivu wa mzazi, labda ni woga wa mtu aliyekimbizwa akiwa mtoto na tangu hapo haamini mlango unaofunguliwa kwa urahisi. Maelezo yote mawili yanawezekana. Hata hivyo shaka haikuondoka.

Kumbuka siku uliyotupa habari. Tulikuwa uani, mjomba wako Shee anapaa samaki, ukaja na kompyuta kifuani kama umebeba mtoto mchanga. Ukasema kampuni ya Nairobi inakutaka uwe mwanasayansi wa data.

"Data hizi hizi za simu?" mjomba wako akauliza. "Basi alhamdulillahi, tumepata mtu wa kutununulia bando."

"Mjomba, si bando. Ni kuchora ramani za watu. Wanatazama picha za setilaiti na minara ya simu, wanajua watu wako wapi na wangapi."

"Watu wako wapi? Si wangeniuliza mimi? Nusu wako Mombasa, nusu wako Ulaya, na waliobaki wako hapa wanakula samaki wangu kabla sijamaliza kumpaa."

Tukacheka sote. Kisha nikakuuliza katika mahojiano walikuuliza nini, ukanijibu kwa furaha bila kujua kwamba unaanza kunitia wasiwasi. Walikuuliza kama Kibajuni ni lugha ya kwenu. Walikuuliza visiwa gani umefika, una jamaa gani huko, na kama unaweza kutambua kutoka juu lipi ni paa la nyumba na lipi ni la banda la kukaushia samaki.

"Na takwimu?" nikauliza. "Hawakukuuliza namna unavyojua kwamba modeli yako imekosea?"

"Kidogo, mama. Wameshaiona kazi yangu."

Shamsa, mimi nimekaa upande wa pili wa meza ile. Nimewahoji vijana wa kazi kama hii. Anayetafuta fundi huuliza juu ya ufundi. Anayeuliza sana juu ya nyumbani kwako huenda anatafuta kitu kingine, na mara nyingi ni jina lako, ili akitoa jibu lake aweze kusema kwamba mwenyeji aliliona akaridhika.

Nataka nikueleze nilikojifunza hili. Hujawahi kunisikia nikilisimulia hadi mwisho.

Unajua kwamba vita vilipoingia mji huu wa Kismayo nilikuwa mtoto, na kwamba tulivuka kwenda Kenya tukaishi kambini. Usilolijua ni kilichonifanya niende kusoma takwimu. Siku moja kulifanyika kuhesabiwa upya kwa watu wote wa kambi. Baba yangu alikuwa amekwenda kumzika jirani. Aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha na makarani wanafunga meza. Karani mmoja akapitisha kidole kwenye karatasi zake, akamwambia kwa adabu kabisa, "Mzee, wewe hupo." Baba akaitazama mikono yake, akamgeukia. "Basi njaa hii ni ya nani?"

Watu walicheka, naye alicheka pia, na kwa miezi iliyofuata tulikula sote mgao uliopungukiwa fungu lake. Nikaapa moyoni kwamba nitakuwa mtu wa upande wa karatasi, na kwamba kwenye karatasi zangu kila aliyepo atakuwepo. Kwa nia hiyo nilisoma Nairobi, na kwa nia hiyo nikarudi Kismayo mji ulipotulia kidogo. Nakuambia ili ujue kwamba sikuingia kazi hii nikiwa na shaka. Niliingia nikiamini kuliko unavyoamini wewe.

Kazi yangu ya kwanza kubwa hapa ilikuwa ya maji ya Kudhaa. Shirika moja lilitaka kujenga tangi kisiwani, likahitaji kujua ni watu wangapi watakaolitegemea. Waliniajiri mimi niandae hojaji na nifanye hesabu. Mkuu wa mradi, Msomali aliyekulia ughaibuni, alinikaribisha kwa kuniita dada kwa Kisomali na kwa maneno ambayo wakati ule yalinipendeza sana: "Abaayo, tumechoka na wageni wasiojua kitu. Wewe ni wa huku. Utaona wasiyoyaona."

Na kweli niliona. Wasichana waliotembea na hojaji nyumba kwa nyumba hawakuwa Wabajuni. Waliuliza kila mke kama mumewe yupo, na kila mke alijibu yupo. Wakaandika yupo. Mimi nilijua zaidi. Nilijua kwamba wanaume wa Kudhaa huenda dago, yaani hupiga kambi za uvuvi Fuma na Darakasi na kukaa huko msimu mzima, na kwamba mke wa mtu aliyeko dago hatamki kwamba mumewe hayupo, kwa sababu neno hilo ni kama kumwombea asirudi. Bi Mwanasiti, ambaye kwake tulifikia, nilimsikia kwa masikio yangu akihojiwa na mmoja wa wale wasichana, naye akijibu kwa Kibajuni chetu.

"Mume wako yupo?"

"Yupo."

"Naweza kumwona?"

"We mwanangu, mchu akisemwa yupo, yupo. Wataka kumwona wa nini, wataka kuwa mke mwenza?"

Msichana wa watu akaona haya, akaandika. Mimi nikatabasamu peke yangu, nikifurahia elimu yangu ya ndani. Nilipofika ofisini nilifanya nilichodhani kuwa ni usahihi: nilipunguza. Kwa kila nyumba nilikadiria waume na vijana wanaosemwa wapo ilhali wako dago, nikawatoa kwenye hesabu ya maji. Niliandika maelezo ya sababu, marefu na mazuri, na mkuu wa mradi akayasifu mbele ya watu.

Kumbe msimu ule wanaume walikuwa nyumbani. Kwa sababu za usalama mashua zilikuwa zimekatazwa kulala nje ya Kudhaa, na kambi zote zilikuwa zimevunjwa kabla sisi hatujafika. Wale wake walikuwa wanasema kweli tupu. Waume walikuwa wamelala ndani, au wako msikitini, au wamekaa ufukweni wakishona nyavu huku wakituona tukipita. Sikumwuliza hata mmoja, kwa kuwa nilishajua. Mgeni asiyejua lolote angeandika alichoambiwa, na mwaka ule angekuwa sahihi kuliko mimi.

Tangi likajengwa, likawa dogo. Nilipokutana na Bi Mwanasiti hapa mjini, harusini, alinishika mkono asiniachie.

"Zulfa, tangi lenu twalishukuru. Kuku wangu wakishakunywa, na sie hupata ya kunawa uso."

Sasa nikueleze sehemu ambayo siielezi vizuri hata kwangu mwenyewe. Sijui kama tangi lilikuwa dogo kwa sababu ya hesabu yangu. Huenda wahandisi walikuwa na kipimo chao tangu mwanzo na karatasi yangu ikawa pambo. Niliomba kuona michoro, sikuonyeshwa. Kuna siku naamini kosa lote ni langu, na kuna siku nahisi kwamba kujitwisha kosa lote ni namna nyingine ya kujiona muhimu. Nimekuachia jambo hili wazi kwa kuwa liko wazi.

Lakini jambo moja nililichukua pale na sijalitupa. Kuwa wa mahali hakukupi haki ya kutouliza. Kunakupa tu kosa la aina yako, ambalo mgeni hawezi kulifanya, na ambalo hakuna atakayelitilia shaka kwa sababu umelifanya wewe. Wakikusifu kwamba wewe ni wa huku, sikiliza vizuri wanataka usiulize nini.

Nimesoma baadhi ya nasaha mnazopeana nyinyi vijana mitandaoni kuhusu kazi hii. Soma kozi hii, pata cheti kile, jua lugha hizi za programu, weka kazi zako mahali watu wazione. Sina ugomvi nazo, na wewe umezifuata kwa juhudi ambayo imenitia adabu. Naona tu kwamba zinazungumzia sana vyombo na kidogo sana uwezekano wa kukosea. Modeli utakazojifunza mwaka huu zitapitwa. Swali la namba hii imezaliwa wapi, nani aliiuliza, aliyejibu alikuwa anaogopa nini au anatumaini nini, halitapitwa. Jipe muda mrefu na takwimu za msingi, hata pale wenzako watakapokucheka kwamba unasoma vya zamani. Ukipata data safi mno, usifurahi. Uliza nani aliifua. Na jifunze kuandika kwa maneno ya kawaida unachokijua na usichokijua, maana mkubwa wako atasoma ukurasa mmoja tu, na kama shaka yako haimo kwenye ukurasa huo basi haimo popote. Mkuu wangu yule aliwahi kuniambia, "Nipe namba moja, abaayo, wafadhili hawasomi maelezo." Nikampa moja. Leo ningempa mbili, ya chini na ya juu, nikae nimtazame ananyanyuka na ipi.

Sasa nafika kwenye lile nililokuficha.

Kampuni hii iliniandikia mimi kwanza. Ilikuwa kabla ya Ramadhani. Walisema wamepata jina langu kwenye ripoti za zamani, wanatafuta mtu wa pwani hii wa kuthibitisha ramani zao za visiwa. Niliwauliza ramani ni ya nani. Wakanijibu kwa heshima kwamba mteja wao hapendi kutajwa. Nikauliza tena, kwa maneno mengine. Hawakunijibu tena. Muda si mrefu wakakuandikia wewe.

Naomba usiisome aya hiyo kwa haraka. Najua inavyosikika, kwamba hawakukutafuta wewe, walitafuta mlango wa pembeni wa nyumba ile ile. Ndiyo sababu nimekaa nayo kimya muda wote huu, nikikutazama ukifurahi. Lakini nimejilazimisha kufikiri kama mtu asiyekufahamu, na naona kwamba maelezo mengine yanasimama pia. Kazi yako ni nzuri. Nimeisoma mstari kwa mstari, na kuna sehemu ambazo mimi katika umri wako nisingeziweza. Huenda walikuona kwa haki, na jina la ukoo likawa sadfa. Wabajuni waliosoma fani hii hatuko wengi kiasi cha kushangaa tukigongana. Siwezi kupima ni lipi. Nilichoweza ni kuacha kukuficha, ili upime mwenyewe.

Halafu kuna lile jaribio walilokupa, na hapa ndipo shaka yangu ilipopata pa kukaa.

Ulinionyesha juzi. Jedwali refu, kila kisiwa na safu yake, makadirio ya watu kwa kila mwezi. Ulikuwa umechanganya picha za mapaa na ishara za simu kwa ustadi. Nikashuka na kidole hadi Darakasi. Sifuri, sifuri, sifuri, mwaka mzima. Nikapanda Fuma. Karibu vile vile.

"Shamsa, hizi sifuri zimetoka wapi?"

"Kule hakuna mtandao, mama. Simu haisomeki. Na mapaa ya makuti, picha zikichukuliwa msimu ambao kambi imevunjwa, hayaonekani. Pale ambapo hakuna data nimejaza sifuri. Kila mtu anafanya hivyo ili modeli isikwame."

"Nani kila mtu?"

"Mama. Wewe unaishuku hata chai."

"Chai naijua ilikopikwa."

Ulicheka, lakini ulikasirika kidogo, na haki yako. Ukanionyesha barua yao. Walikuwa wamesifu mambo mengi kwa jumla, na moja kwa kulitaja: kwamba umeonyesha kwa uwazi ni visiwa gani havina wakaazi. Sentensi hiyo nimekuwa nikitembea nayo tangu juzi.

Safu iliyokuwa tupu ilikuwa inasema sijui. Wewe ukaifanya iseme hakuna. Ni kosa dogo la mwanafunzi, linalofanywa kila siku na watu wenye akili, na kwenye jedwali la mauzo ya sabuni lisingemwumiza mtu. Lakini Darakasi si sabuni. Bibi yako alizaliwa kule. Watu wa kule walitoka kwa kukimbia, hawakuhama. Wajukuu wao wako kambini Kenya, wako Mombasa, wako katika miji ya baridi ambayo siijui, na wengine wameanza kurudi kidogo kidogo, msimu kwa msimu, kwa njia ile ile ya dago, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kurudi isiyohitaji ruhusa ya mtu. Kisiwa chenye watu wachache wenye kuja na kwenda ni kisiwa cha watu. Kisiwa kilichothibitishwa kuwa hakina wakaazi kinaweza kuombwa, kupimwa, kukodishwa, kuzungushiwa waya, na kila anayefanya hivyo akaonyesha karatasi. Na chini ya karatasi hiyo litakuwa jina la Kibajuni, jina lako.

Sijui kama hicho ndicho mteja wao anachokitaka. Nimejiuliza mara nyingi. Huenda ni watu wa chanjo wanaotaka kujua wapeleke mashua wapi, na usiri ni desturi tu ya biashara. Ikiwa hivyo, nimemdhania mtu mwema vibaya kwa kurasa nzima, na sifuri zako zingewanyima watoto wa dago chanjo kwa nia njema kabisa. Jambo la ajabu ni kwamba kwa vyovyote sifuri zile ni mbaya. Hilo ndilo jambo pekee katika barua hii ambalo sina shaka nalo.

Kwa hiyo sikukatazi kwenda. Ningekukataza ningekuwa nimefanya tena kosa la Kudhaa: kupunguza watu kwa kuwa nadhani nawajua. Nenda. Nairobi ina kazi nyingine pia, na una mikono ya kuzitafuta. Mjomba wako wa Eastleigh atakupokea yeye, si dereva wa kampuni. Nimeshazungumza naye, na amefurahi kupita kiasi, utamvumilia. Kaa kwake siku zile za mwanzo. Mkataba wao usiutie sahihi mezani kwao hata kama kalamu ni nzuri.

Kabla ya mkutano wako wa kwanza na kampuni, fungua lile jedwali. Futa sifuri za Darakasi na za Fuma, na za kila mahali ulipojaza kwa sababu modeli ilikuwa inakwama. Paache pengo. Mwisho wa ukurasa wa kwanza, si wa mwisho, andika kwa maneno yako kwamba hapa hatujui, na kwamba pana watu wanaokuja kwa misimu ambao picha na minara haviwaoni. Kisha uwatumie kazi hiyo upya, useme ni masahihisho yako. Usiwaulize mteja ni nani. Mimi niliuliza, wakanyamaza, na kunyamaza hakuthibitishi kitu. Wewe wape jedwali lenye mapengo, usubiri.

Wakikupigia na kukuuliza maswali, wakitaka kujua misimu ni ipi na mapengo yajazwe vipi kwa haki, basi ni watu wa kazi, na mamako alikosea. Utanipigia simu unicheke, nami nitafurahi kuchekwa. Wakikuomba kwa upole urudishe ile ya kwanza, utakuwa umejua wanachonunua, na hutakuwa umetia sahihi.

Nasikia sauti yako mlangoni, unamsimulia mtu kwamba umekunywa chai mpaka basi. Naikunja karatasi.

Mwenyezi Mungu akutangulie na akulinde, na akupe watu wa kukuambia ulipokosea.

Mamako,
Zulfa